Mji Uliokataliwa

Mtu mmoja, mfuga nyuki, alikuwa na watoto wawili. Luhende alikuwa na miaka kumi na miwili, na mdogo wake Nyamizi saba. Siku ya kurina asali baba aliwafichia zawadi, akawategea vitendawili, kila jibu likiwapeleka penye kitendawili kingine. Sharti lilikuwa lile la wazee: anayeshindwa humpa mwenzake mji, na aliyepewa mji hana ruhusa ya kuficha jibu.

Luhende alikuwa mwepesi wa vitendawili, na alijijua. Hilo ndilo lililomponza. Cha kwanza kiliwapeleka kwenye banda la kuku, cha pili kwenye kinu. Mara zote mbili Nyamizi alishindwa, akatoa mji, akaambiwa. Kijana moyo ukamuuma. Aliona anambeba mtu mgongoni ili aje agawane naye zawadi asiyoitolea jasho.

Kitendawili cha mwisho kilisema: bibi haondoki alipokaa, na wenye kiu wote humwinamia. Luhende alijua papo hapo kuwa ni mtungi wa maji ulioko jikoni. Akatimua mbio.

"Kaka, nakupa Tabora!" Nyamizi aliita. "Nakupa na Ujiji! Niambie basi!"

Alisikia. Tusimtafutie udhuru, alisikia vizuri kabisa, na akaongeza mwendo.

Nyamizi akafikiri peke yake, kwa akili za miaka saba, akaona bibi huyo ni kisima cha zamani nyuma ya shamba la mtama. Kilikuwa kimefunikwa kwa mbao zilizoliwa na mchwa, ambazo baba kila wiki alisema atazibadilisha. Baba naye ana lake, tutamhukumu siku nyingine. Mtoto akapanda juu ya mbao zile, akainama kutafuta zawadi, nazo zikavunjika.

Jikoni, Luhende alikuta furushi nyuma ya mtungi. Ndani mlikuwa na viatu vya shule jozi mbili, moja kubwa, moja ndogo sana. Zawadi ilikwisha kugawanywa tangu mwanzo. Hapakuwa na cha kunyang'anywa. Alikuwa bado anajaribu vyake aliposikia watu wakipiga mayowe kisimani.

Walimtoa jioni, amekwisha kufa. Baba hakumpiga Luhende. Alimuuliza tu, "Mwenzio alikupa mji?"

Basi ninyi mnaojua majibu na mkayakalia, semeni: nani alimtia yule mtoto kisimani?