Mzigo wa Nakijwa

Sogeeni jikoni niwasimulie, na anayesinzia asije akaniuliza mwisho.

Alikuwako mwanamke wa milimani, Nakijwa, aliyefiwa na wanawe wote. Matanga yalipoanuliwa na majirani kwenda zao, chungu cha machozi kikamwota kichwani, kizito, wala hakishuki. Naye hakumwomba mtu amtue. Akaenda kwa zimwi la pangoni, linalowameza waliochoka na dunia.

"Nimeze nipumzike," akasema.

Zimwi likapanua mdomo. "Ingia, mwanangu. Humu hakuna mzigo."

Nakijwa akainama. Tumboni mwa zimwi ikatoka sauti: "Nitueni!" Akasita. "Nitueni!" Akarudi nyuma. "Nitueni jamani, shingo inakatika!"

"Mwongo we!" akaliambia zimwi. "Wameingia na mizigo yao, na humo hawana wa kuwatua!"

Na kwetu mtu akisema nitue, hatumpiti, hata awe adui. Nakijwa akatia mikono kooni mwa zimwi, akavuta. Likapaliwa, likawatapika wote, kila mmoja na chungu chake kichwani. Akawatua mmoja mmoja, mpaka wa mwisho akamuuliza, "Na wewe, mama, nani anakutua?"

Nakijwa akasema neno ambalo hajapata kulisema: "Nitueni."

Wakamtua. Chungu hakikuvunjika, na asubuhi alikibeba tena, kichwa juu, akiwa na wenzake wa kumtua njia nzima.

Sisi ndio wajukuu wa waliotoka tumboni mle, na hatuoni haya kuomba kutuliwa.

Ngano yangu nimeitua. Nani mwingine amebeba?