Mihogo ya Udongo Mwekundu

Haya, sogeeni, nami nitawapa hadithi kama nilivyopewa.

Palikuwa na tuta la kuzuia mafuriko, na mlinzi wake Mwadime. Udongo wa bonde ulikuwa mweusi. Wa tuta ulikuwa mwekundu, mababu waliubeba kutoka mlimani kwa vikapu. Tuta lilikuwa na sauti, na mwiko wake mmoja: lisichimbwe. Mwadime akapanda mihogo kwenye tuta, upande usioonekana.

Alipong'oa shina la kwanza, tuta likalia, "Mwadime, unanitoboa!" Akaendelea kung'oa. Alipong'oa la pili, "Mwadime, unanitoboa!" Akawagawia majirani, wakamsifu. Alipong'oa la tatu, tuta halikusema kitu.

Mvua ikanyesha siku saba. Maji yakapenya mashimoni, yakayafanya shimo moja kubwa, na zimwi la mto likachungulia likicheka. Watu wakaja mbio na vikapu, lakini kila udongo waliomwaga ulimezwa.

Tuta likanena, "Sizibiki mpaka mnitajie mliyonitenda."

Mwadime alitamani ardhi immeze. "Ni mimi," akasema, macho chini. "Mihogo mliyokula niliilima hapa."

Shimo likaziba nusu. Zimwi likazidi kucheka.

Kisha jirani yake Wakesho akajifunika uso kwa kanga. "Niliuona udongo mwekundu kwenye maganda. Nikamenya, nikala."

"Hata mimi," akasema wa pili.

"Hata mimi," wakasema wote.

Shimo likaziba, zimwi likarudi mtoni. Watu wakaenda zao, hakuna aliyemtazama mwenzake.

Hadithi imefika mwisho. Na wewe unayemcheka Mwadime, hebu tuone kucha zako.