Talaka ya Digidigi

Ngano hiyo!
— Ije.
Ije na kicheko au na kilio?
— Ije na ilicho nacho.

Wanasema ukisimulia ngano mchana unaota mkia. Na uote. Kwa umri wangu huu nani ananitazama nyuma? Nyinyi chambueni mbaazi, masikio niachieni mimi.

Hapo kale palikuwa na Bwana Digidigi na Bi Digidigi, wale paa wadogo wasiofika magoti ya mtu. Digidigi akioa ameoa, hana mke wa pili. Wanakula wawili, wanalala wawili, hata choo wana chao kimoja, rundo moja mpakani mwa kichaka chao. Mume anaweka, mke anaweka, na majirani wakilipita wanajua hapa pana ndoa. Mmoja akiona hatari hupiga mbinja, zik-zik, zik-zik, ili mwenzake akimbie.

Siku moja akaja chui. Bwana Digidigi akamwona, akatoka mbio, puruu, wala hakupiga mbinja. Bi Digidigi aliponea chupuchupu, yeye na mtoto wao, Kidigi. Hakumuuliza mumewe kitu. Alianza tu kulala amempa mgongo, na mwezi ulipokwisha akasema anataka talaka yake.

"Chukua," mume akasema, "lakini mtoto ni wangu."

"Mtoto ni wangu," mke akasema.

Kwa hasira Bwana Digidigi akaenda kufungua kesi kwa Fisi. Fisi ndiye aliyekuwa hakimu wa mbuga nzima, na sheria yake ilikuwa moja. Kinachogombaniwa kinakaa mahakamani. Kikikaa, Fisi anakionja. Akikionja, kinaisha. Kikiisha, kesi imefungwa. Kanga na mkewe waligombania mayai: yakakaa, yakaonjwa, yakaisha, kesi ikafungwa. Njiwa waligombania kinda: likakaa, likaonjwa, likaisha, kesi ikafungwa. Sasa ikatoka amri kwamba Kidigi aletwe mahakamani siku ya tatu.

Hapo ndipo akili ikamrudia Bwana Digidigi. Akaenda mbio kuomba kesi ifutwe. Fisi akajilamba, akamwambia kesi ikishaingia haitoki mpaka kinachogombaniwa kiishe.

Basi mume na mke wakakimbilia kwa Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye majabali. Pimbi hana mkia, hana pembe, ana maneno. Akawakalisha mmoja huku, mmoja huku, yeye katikati. Akawapa masharti mawili. Hakuna kufichana. Na atakayemtaja Fisi ili kumtisha mwenzake, yeye Pimbi anapanda jabali lake na hashuki tena, watafute mwingine.

Wakakaa siku mbili. Siku ya kwanza Bwana Digidigi mara mbili alikuwa karibu kumtaja Fisi, na mara mbili Pimbi akasimama kuondoka, na mara mbili bwana akalimeza neno lake. Siku ya pili Bi Digidigi akasema alichokuwa nacho moyoni.

"Siku ya chui hukuniita."

"Niliogopa," mume akasema. "Sauti haikutoka."

"Najua. Ndiyo maana siwezi tena kulala nikakutegemea."

Mnadhani hapo walirudiana? Hawakurudiana, wanangu. Kilichovunjika kilikuwa kimeshavunjika, na wote wawili walikiona kimelala pale katikati. Lakini baada ya hapo maneno yalikuwa mepesi. Kidigi akae kwa mama yake ng'ambo ya kijito mpaka aote pembe. Kichaka kibaki kwa baba, na kila asubuhi baba avuke kijito amfundishe mtoto kupiga mbinja. Wakakubaliana.

"Na lile rundo?" Pimbi akauliza. Wakasema hakuna anayelitaka.

"Vizuri," Pimbi akasema. "Basi hilo ndilo mtakaloligombania."

Siku ya tatu wanyama wote walikuwapo. Pimbi akaweka mbele ya Fisi furushi kubwa la majani, limefungwa kwa kamba za mgomba. Akaeleza kwamba la mtoto wameshakubaliana, limebaki hili tu, walilolijenga wote wawili tangu wiki ya harusi, na kila mmoja anasema ni lake.

"Langu," mume akasema.

"Langu," mke akasema.

Walianza kwa kuigiza. Lakini kufika langu la tatu, Bi Digidigi akaikumbuka hiyo wiki ya harusi, akalia kweli. Mumewe naye akalia. Wakalia mpaka machozi yakawakaukia chini ya macho, na ile alama nyeusi digidigi wanayo mpaka leo.

Fisi kuona machozi yale, mate yakamtoka. Kitu gani hiki cha kuliliwa hivi! Akatamka kwamba kinakaa mahakamani, na hakungoja kukifungua. Gap! Macho yakamtoka.

"Limekaa, limeonjwa, limeisha," Pimbi akapaza sauti. Na wanyama wote wakaitikia kesi imefungwa.

Fisi huyo mtoni, kwi-kwi-kwi, na mbuga nzima inacheka. Digidigi hawakucheka. Mume akashika njia ya kichakani, mke akashika njia ya kijitoni. Kidigi akabaki katikati hajui amfuate nani, mpaka Pimbi akamsukuma taratibu kwa mama yake.

Chui alirudi, wakati wa masika. Kutoka kichakani kwa baba ikasikika mbinja, zik-zik, zik-zik, kali, haikatiki. Bi Digidigi akakimbia na mtoto wakapona. Baadaye alisimama akaisikiliza mpaka ikanyamaza. Ndiyo sauti aliyoingoja siku ile. Kisha akainama akala majani yake, peke yake.

Ngano yangu naikunja, anayeitaka aje aikunjue. Na funzo lake ni hili: msikae chini mkasikilizana hata siku moja. Kimbilieni kwa Fisi. Mkianza kumaliza mambo wenyewe atakula nini, naye ana watoto?

Mimi nilikwenda kwake. Mwanangu alikuwa na miaka minne, akawekwa kwa watu mpaka kesi iishe. Ikaisha, na nikashinda. Nilikwenda kumchukua, nikamkuta mlangoni ana ndevu.

"Shikamoo, mama," akaniambia. "Unamtafuta nani?"