Mama wa Keki na Kanuni ya Katibu

Ndugu zangu, leo yule mkulima wa mifano ya Injili tumwache apumzike. Kila Jumapili tunamtoa shambani kwake kuja kutufundisha sisi, na shamba lake linaota majani. Leo nina katibu. Mtu mzuri tu, mcha Mungu, shati limenyooka. Aliongoza watu wa kujitolea waliotengeneza programu ya kompyuta ya zahanati: muuguzi anaandika uzito wa mtoto, programu inamwambia ampe dawa kiasi gani. Programu yenyewe ni huria, yaani anayeitaka anaitumia bure, na anayejua kuitengeneza anaitengeneza bure. Hao wa kujitolea hawakuwahi hata kuonana. Walijuana kwa baruapepe, basi.

Sasa tapeli mmoja akajifanya mwenzao, akatuma marekebisho ya hila, nusura auharibu mradi mzima. Katibu akashtuka, na hapo simlaumu. Akatunga kanuni: kuanzia leo kila mchangiaji awe na anwani ya baruapepe yenye jina la mradi. Anayeitaka aombe, na ombi lake lipitishwe na kikao. Barua ikitoka kwenye anwani nyingine yoyote, kompyuta iirudishe yenyewe, isisomwe na mtu. Majibu ya kurudisha akayaandika mwenyewe, kwa adabu kabisa: "Ndugu mchangiaji, tunakuthamini sana. Anwani yako haitambuliki."

Tunakuthamini sana, haitambuliki! Mnacheka? Ngojeni kwanza.

Kati yao kulikuwa na mama mmoja, fundi wa programu aliyekuwapo tangu siku ya kwanza. Alikuwa pia anaoka keki za harusi, na anwani aliyoizoea ilikuwa ya biashara yake: Keki za Mama Tumsifu. Jina hilo liliposomwa kwenye kikao, watu wakaangua kicheko.

"Wafadhili watatuonaje," katibu akasema huku anajifuta machozi ya kucheka, "wakisikia dawa za watoto zimepigiwa hesabu na Keki za Mama Tumsifu?"

"Lakini mwenzetu ameshaomba anwani mpya," mjumbe mmoja akamkumbusha. "Ombi lake ndilo hili hapa."

"Kikao kijacho, ndugu yangu. Leo muda umetutupa mkono."

Kikao kijacho akidi haikutimia. Kilichofuata kikaahirishwa, katibu alikuwa na harusi ya shemeji yake. Mnavijua vikao vyetu, tusidanganyane hapa mbele za Mungu.

Siku zikaenda. Katibu akasafiri na mkewe kwenda ukweni, wakiwa na binti yao mchanga, mtoto waliyemlilia miaka mingi. Huko mtoto akachemka homa. Asubuhi wakamkimbiza zahanati. Muuguzi akampima mtoto uzito, akauandika kwenye kompyuta. Katibu akatupa jicho kwenye kioo cha kompyuta. Ee! Pamoja na hofu yote ile, kifua kikamjaa.

"Sista, hiyo programu ni ya kwetu! Mimi ndiye katibu wa mradi."

Muuguzi akasoma kile kipimo kilichotolewa na kompyuta, akatikisa kichwa, akachukua kalamu na kupiga hesabu upya pembeni. Kisha akapima dawa nusu yake.

"Sista, mbona unapunguza?" katibu akauliza. "Kompyuta imesema zaidi ya hapo."

"Kompyuta inakosea, baba. Tangu walipoibadilisha juzijuzi, kwa watoto wadogo kama huyu inatoa dawa mara mbili. Ningeifuata, huyu wako sasa hivi tungekuwa tunaongea mengine."

Jamani! Katibu akajishika kwenye ukingo wa kitanda. Alimtazama binti yake, akaitazama ile kompyuta aliyokuwa akijisifia.

"Nani kakwambia?"

"Kuna mama kanipigia simu. Sisi wote katupigia, zahanati moja baada ya nyingine, kwa vocha yake mwenyewe. Anajiita Mama Tumsifu."

"Sasa kwa nini asituandikie sisi wenye mradi?" Katibu sauti ilimpanda, mpaka mkewe akageuka. "Kosa kubwa namna hiyo, kwa nini hakutuandikia?"

Muuguzi akamwangalia kwa huruma, kama anajiuliza aseme au aache.

"Aliandika, baba. Alisema mlimjibu."

Mlimjibu! Mmesikia neno hilo? Mtoto wa katibu aliponea kwa mtu ambaye katibu mwenyewe alimfungia mlango, tena kwa maneno matamu!

Msinielewe vibaya. Nyumba haikosi kitasa, na yule tapeli alikuwa tapeli kweli. Kufunga mlango si kosa. Lakini huyu bwana alifunga, akaiacha mashine iitikie hodi, yeye akaenda zake harusini.

Haya, tumcheke katibu? Tujicheke sisi! Mtu anaingia ofisini kwetu analia, amefiwa, na neno la kwanza tunalomwambia ni lipi? "Unasali jumuiya gani?" Kadi ya ushirika iko wapi? Hana? Basi arudi Jumanne, wazee wa kanisa wana kikao. Maiti inasubiri akidi, jamani! Na tunamsindikiza mpaka getini, tunamwambia Mungu akubariki, tunarudi kunywa chai. Roho zimetulia kabisa, kwa sababu hatukumfukuza mtu, tumefuata utaratibu.

Wengine walikuja hata si kuomba. Walikuja kutuonya. Kijana aliyetaka kusema jambo kuhusu watoto wetu, tukamwambia kwanza aandike jina kwa mwenyekiti wa vijana. Yule mama wa mtaa wa pili aliyesimama mlangoni wiki iliyopita, mnamkumbuka? Alikuwa ametuletea neno gani?

Hatujui, ndugu zangu. Tulimjibu.