Taa Tano za Bi Mbweha

Kwanza mniapie. Kila mmoja ashike sikio lake aseme hatatoa neno nje ya mlango huu, maana haya ni mambo ya nyumba za watu, na mimi mwenyewe nilimwapia marehemu mama yangu kwamba nitazikwa nayo. Mmeapa? Haya, sogeeni, mdomo unaniwasha tangu asubuhi.

Hapo zamani za kale, huko juu kabisa duniani ambako bahari huganda ukaitembea kwa miguu, wanyama walikuwa na nyumba zao, watoto wao na ugomvi wao kama sisi. Miti hakuna, udongo umelala chini ya barafu, basi walijenga kwa theluji. Waliikata ile ngumu matofali matofali, wakayapanga kwa kuzunguka, kila safu ikiinamia ndani, mpaka juu yakakutana kama bakuli lililofudikizwa. Mlango ni shimo la chini, unaingia kwa magoti. Ndani kuna kitanda cha theluji kilichotandikwa ngozi, na mbele ya kitanda kuna taa ya jiwe inayowaka kwa mafuta ya nyangumi.

Taa hiyo msiidharau. Ndiyo jiko, ndiyo kisima, ndiyo kamba ya kuanikia. Bila taa theluji haiyeyuki ukapata maji ya kunywa, na viatu vya ngozi vilivyolowa havikauki. Mwenye viatu vibichi akitoka kuwinda, vidole anaviacha hukohuko.

Mwaka ule walipata nyangumi mmoja, wakagawana mafuta yake, yale mazito ya kukatwa vipande, kwa desturi yao, kila mtu kwa kazi aliyoifanya. Mama Dubu, aliyevuta kamba mpaka mabega yakachubuka, alipata fungu kubwa. Mzee Walarasi, yule wa baharini mwenye masharubu na meno mawili yaliyoshuka hadi kifuani, naye kubwa. Mbwamwitu na nduguze wakapata lao. Bi Mbweha, mdogo, mweupe, mkia kama mto wa sufi, kazi yake siku ile ilikuwa kuwaimbia wavutaji. Akapewa kipande cha kutosha kiganja.

Alicheka, akashukuru, akarudi kwake. Lakini alipojikunja kitandani, taa yake ikiwa na kijimwali kama ncha ya ukucha, akasikia chungu kinatokota nyumba ya pili na watu wanacheka, akaumia. Kuumia alikuwa na haki. Angekwenda tu kuomba, kwa kuwa kule kwao mwombaji hanyimwi. Sasa kuomba aliona aibu, kuiba hakuona.

Asubuhi akaanza nyumba kwa nyumba kama kawaida yake, maana hakuna aliyempita kwa kubeba habari. Kila alikoingia aliwanong'oneza kwamba alikuwa anavua kwenye tundu la barafu, akasikia sauti ya Mama wa Bahari, yule bibi akaaye chini ambaye wote waliamini ndiye anayewafungulia samaki. Bibi kakasirika. Nyangumi wake kaliwa, yeye hata hakuonjeshwa. Anataka kila nyumba imwekee kipande cha mafuta penye tundu kila siku, na mwekaji akiondoka asigeuke nyuma.

Mzee Walarasi akakuna masharubu. "Mimi nazamia humo kila siku. Mbona hajaniambia mimi?"

"Baba, wewe ukizama unavuma kama ngoma ya harusi. Nani ataanza mazungumzo na mtu anayekoroma majini?"

Watu wakacheka, mzee akaona haya, akawa wa kwanza kupeleka.

Kwaru, kwaru, kwaru! Wenzake wakishaondoka, hizo ndizo zilikuwa kucha za Bi Mbweha kwenye barafu, akiburuta mafuta kwake. Taa moja ikawa haimtoshi. Akaazima taa ya akiba kwa huyu, nyingine kwa yule, kila mmoja akimdanganya kwamba taa yake yeye Bi Mbweha imepasuka, mpaka zikafika tano. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akalala amejinyoosha.

Kwa wenzake mafuta yakawa yanakwisha. Walipunguza tambi za taa, kisha wakawa wanawasha mara moja tu kwa siku. Viatu vikashinda vibichi, Mbwamwitu na nduguze wakakaa ndani bila kuwinda. Halafu kiu ikaingia. Msishangae, mtu anaweza kufa kwa kiu theluji ikiwa imemfika kiunoni. Ukiila mbichi inakunyang'anya joto la tumboni, na ukikosa joto kule, umekwisha.

Bi Mbweha hakuacha kutembelea watu. Siku moja akamkuta Kidubu, mtoto wa Mama Dubu, midomo imepasuka, analamba ukuta, na mama yake anamvuta shingo. Mama Dubu akatoa kifuko cha ngozi alichokilalia kutwa nzima, theluji ya ndani ikayeyuka kwa joto la mwili wake. Hakumpa mtoto kwanza. Kule kwao mgeni hanywi mwisho.

"Kunywa, mwenzangu," akasema. "Najua kwako nako hakuna."

Angekataa, angeulizwa maji kayapata wapi. Akanywa. Yalikuwa mafunda mawili tu, yananuka manyoya, na kila funda lilimshuka kama mwiba wa samaki. Kidubu alikuwa anamtazama koo linavyopanda na kushuka.

Akarudi kwake ameazimia kurudisha. Ataacha mafuta milangoni, atasema Mama wa Bahari ameridhika. Lakini mengi yalishaungua, na yaliyobaki yangemsema, kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na mkato wake wa kukatia mafuta, na mkato wa mtu unajulikana kama sura yake. Akasema kesho. Kesho ikafika, akasema tena kesho.

Jua lilikuwa limeanza kuchungulia baada ya miezi ya giza, maana kule wakati wa baridi kali halichomozi kabisa. Adhuhuri moja wote wakaja nje ya nyumba yake. Taa ya Mama Dubu ilikuwa imezimika kabisa. Hawakuja kwa shari, maskini. Walikuja kumwomba akawasemee kwa Mama wa Bahari wapunguziwe.

Bi Mbweha akawajibu kutoka ndani kwamba anaumwa, wasiingie, wasije wakaambukizwa.

Sasa nyumba ya theluji ina sharti lake. Taa moja huipasha, ukuta ukayeyuka kidogo, ukaganda tena, ukawa mgumu kuliko mwanzo. Taa tano haizistahimili. Kila aliyezaliwa kule anajua hilo, na Bi Mbweha alijua. Ila tundu la hewa la juu alikuwa ameliziba kwa ngozi, watu wasione mvuke, na joto lote likakosa pa kutokea.

Tii. Tone likamwangukia puani. Tii, tii. Akainua macho, akaona paa limelegea kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Akakurupuka kufunika taa, akashika pande la mafuta aliondoe kwenye moto, na palepale akasikia sauti ya Mama Dubu ukutani.

"Kama unaumwa usihangaike kutoka. Nimekuja na kipande changu cha mwisho, nilichomwekea Bibi. Nusu mpelekee Bibi, nusu uwashie wewe, upone."

Bi Mbweha alifunua mdomo. Hapo ninamtetea, kusema alitaka kusema. "Mama Dubu," akaanza, "hayo mafuta..."

Pwaaa! Paa lote likashuka. Theluji chepechepe ikamfunika mpaka mabegani, na jua likaingia ndani bila hodi.

Taa tatu zilizimika, chwii. Mbili zikaendelea kuwaka. Juu ya moja kulikuwa na chungu cha maji, kimejaa, kinafuka. Viatu vyake vikavu vilikuwa vinaning'inia kwenye kamba. Nyuma yake vipande vya mafuta vilipangwa vizuri, mkato wa Mzee Walarasi, mkato wa Mbwamwitu, na alichokishika mkononi kilikuwa cha mkato wa Mama Dubu.

Mzee Walarasi alitazama chini kama yeye ndiye aliyeiba.

Mama Dubu akapanda juu ya matofali yaliyovunjika, akainamia chungu, akachovya kidole.

"Kumbe maji unayo," akasema polepole. "Na siku ile ukanywa ya mwanangu."

Wajukuu, joto uliloliiba kwa wenzako ndilo litakalokushushia paa.