Kaburi la Mzee Elisaria na Mashine Tatu

Hapo zamani, na msinikunjie uso, zamani yenyewe ni ya juzijuzi, watu wakiwa tayari wanagombania chaja, aliishi Uchagani mjane aitwaye Bibi Mkunde. Alikuwa na kihamba, yaani shamba la migomba la ukoo, na ndani yake kaburi la mumewe, Mzee Elisaria. Mpaka wa kihamba ulikuwa mstari wa masale, mimea ambayo huko hakuna mwenye akili zake anayeigusa. Jirani yake, Mzee Ndetaulwa, akaigusa. Masika yalipoanza aliyang'oa masale, akayapanda hatua kumi ndani, na Bibi Mkunde akakuta mumewe amehamia kwa jirani bila kuaga.

Akashtaki kwenye baraza la kata, akapangiwa Alhamisi. Kisha akawapigia simu wanawe watatu walioko mjini, ambao tangu mazishi, miaka minane iliyopita, walikuwa na kazi nyingi mno za kuwazuia kuja. Akawaambia, "Atakayenirudishia baba yenu, nampa kiwanja kilicho kando ya kaburi, ajenge."

Kazi zikaisha siku hiyohiyo.

Kundaeli alikuja na kishikwambi. Aikaruwa, binti pekee, alikuja na laptopu. Sifaeli, kitindamimba, alikuja na kompyuta ya mbili kwa moja: ukichomoa kioo unapata kishikwambi, ukikirudisha unapata laptopu, na mwenyewe hachoki kukuonyesha. Jumatatu na Jumanne walifanya kazi kubwa ya kubishana. Kundaeli alisema chake ni chepesi na hakihitaji meza. Aikaruwa alisema shauri haliandikwi kwa kidole kimoja. Sifaeli alisema yeye ana vyote viwili. Wenzake wakamjibu kuwa ana nusu ya kila kimoja. Mama yao akawapikia mtori wa ndizi, akasubiri.

Jumatano Kundaeli aliingia migombani, akapiga picha mashimo ya masale ya zamani, ambayo jirani aliyafukia kwa samadi. Alipita kaburini, akasifu lilivyo safi, wala hakuuliza kwa nini. Halafu akajaribu kuandika maelezo. Alianza saa tatu. Kufika saa sita alikuwa ameandika jina la mama yake, na alilikosea. Aikaruwa akakaa na laptopu, akaandika kurasa nne zilizonyooka. Tena katika mafaili ya zamani akachimbua picha ya mazishi: kaburi la baba yao, ng'ambo yake mstari wa masale, na kando ya kaburi Mzee Ndetaulwa mwenyewe, analia. Na Sifaeli? Sifaeli alinakili kazi za wenzake kwenye mashine yake, akachomoa kioo, akakirudisha, akasema leo tumefanya kazi.

Alhamisi, wakiwa barazani, umeme ukakatika. Laptopu ya Aikaruwa, ambayo betri yake ilitangulia kufa kabla ya baba yao, haikuwaka. Kishikwambi cha Kundaeli kilikuwa kimemaliza chaji pale pale kwenye benchi, mwenyewe akitazama marudio ya mpira huku mama yake anasali. Basi Sifaeli akachomoa kioo, na kwa mara ya kwanza tangu akinunue kulikuwa na sababu. Kikapita mkono kwa mkono kwa wajumbe: mashimo, maelezo, picha. Mwenyekiti akaitazama picha, akamtazama jirani, akamuuliza kama huyo anayelia ni pacha wake. Mpaka ukarudishwa.

Jioni wale watatu wakakutana kaburini, mama yao akiwasikiliza. Hakuna aliyekuja kumsalimia marehemu.

"Bila mashimo niliyoyapiga picha mimi, picha ya Aika ingekuwa kumbukumbu tu," alisema Kundaeli. "Kiwanja ni changu."

"Mashimo hayasemi," alisema Aikaruwa. "Mimi niliandika, na mimi ndiye niliyemtunza baba kwenye laptopu hii miaka minane. Au nanyimwa kwa kuwa ni binti?"

"Ushahidi wenu ulikuwa umelala kwenye mikoba," alisema Sifaeli. "Mimi ndiye niliyeufikisha machoni pa watu."

Wakiwa hapo, Mzee Ndetaulwa akaja na jani la sale mkononi. Uchagani anayekuja na jani hilo kuomba msamaha hakataliwi. Bibi Mkunde akalipokea. Yule mzee akainama, akang'oa unyasi kaburini kama mtu aliyezoea. Kundaeli akamuuliza anatafuta nini tena hapo.

"Magoti ya mama yenu hayamruhusu kuinama hapa," alisema mzee. "Miaka minane nyasi hizi nazing'oa mimi. Elisaria alikuwa rafiki yangu. Ardhi niliiba, sikatai. Lakini nyie mlidhani kaburi linajifyeka lenyewe?"

Sifaeli akarudisha kioo chake taratibu. Bibi Mkunde aliwatazama wanawe mmoja mmoja, akamtazama jirani, akashindwa kutamka jina.

Nanyi mliokaa hapa, simu mkononi, mkijifanya mnanisikiliza, hebu msaidieni mama wa watu. Mpiga picha, mwandishi, mchomoa kioo, au mwizi aliyepalilia: kiwanja kilistahili kwenda kwa nani?