Bi Mahjabini na Mjane Aliyeachwa Mtoni

Inasimuliwa kwamba hapo zamani, katika mji mmoja wa bara Hindi uliokuwa kando ya mto mkubwa, aliishi mcha Mungu aitwaye Bi Mahjabini, Allah amrehemu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, akipata riziki yake kwa kusokota pamba.

Asubuhi moja alipokwenda kuchota maji, alimkuta bibi kizee ameketi kwenye ngazi za mtoni, kichwa kimenyolewa, amejitanda shuka nyeupe iliyochakaa, kama ilivyo ada ya wajane wa kwao. Jina lake Gomati, wa dini ya Kihindu. Tangu alipofiwa na mumewe, jamaa za mume walimhesabu kuwa mkosi nyumbani. Wakamleta katika mji ule kana kwamba wanamleta kuhiji, wakamwambia, "Ngoja hapa, tunarudi sasa hivi." Siku hiyo ilikuwa ya tatu.

"Twende kwangu, mama," Bi Mahjabini akamwambia.

"Na wakirudi wasinione?"

"Tutamwachia habari yule muuza maua pale ngazini. Atawaelekeza."

Gomati akanyanyuka, kisha akasita. "Binti yangu, mimi sili chakula kilichopikwa na mkono usio wa dini yangu. Mengine yote wamenichukulia. Hili ndilo nililobaki nalo."

"Nakuahidi mbele ya Mwenyezi Mungu, kwangu hutalishwa usichokiridhia."

Akampa chumba cha uani, chungu kipya, mchele na kuni, Gomati akawa anajipikia mwenyewe. Majirani hawakukosa la kusema. Wako waliotaka asilimu kwanza ndipo asaidiwe. Bi Mahjabini akawajibu kwa upole, "Mola wangu amemruzuku miaka yote hii bila kumwekea sharti hilo. Nitaliweka mimi?" Kisha akarudia kusokota.

Mvua za masika zilipoingia, Gomati akashikwa na homa kali. Siku mbili hakuweza hata kushika mwiko, na siku ya tatu hakumtambua mtu. Jirani yao, Bi Rukaiya, akaja na bakuli la uji.

"Mnyweshe, dada. Hana fahamu huyu, hatajua kamwe."

Bi Mahjabini akalipokea bakuli. Alikwisha kumpenda yule mama, na alikiona kifua chake kikipanda kwa shida. Je, mgonjwa akifa? Atamjibu nini Mola wake? Akaliweka bakuli chini.

"Nilimwahidi akiwa na akili zake," akasema. "Nisaidie, umpepee mpaka nirudi."

Akatoka na mvua ile ile. Akapiga hodi nyumba baada ya nyumba katika mtaa wa Wahindu, akiomba mtu mmoja tu wa kumpikia mgonjwa. Waliposikia kwamba ni mjane aliyetupwa na wakwe zake, baadhi waliogopa mkosi, na wengine wakasema wana shughuli. Mwishowe, kwenye baraza ya hekalu, akamwona mwanamke mwenye shuka nyeupe kama ya Gomati, amejikunyata kwa baridi. Huyo aliitwa Sundari.

"Mimi nitampikia," Sundari akasema. "Hata mimi waliniacha hapa. Lakini nikishampikia, nitarudi barazani?"

"Hutarudi, dada yangu. Mahali pako papo."

Sundari akakoroga uji mwepesi, akamnywesha Gomati kijiko kimoja kimoja. Siku ya pili homa ikashuka, na ya tatu akafumbua macho. Alipohadithiwa yote, alimgeukia Bi Mahjabini.

"Uliniacha karibu na kufa kwa ajili ya neno lako. Ungeninywesha, mimi ningejuaje?"

"Usingejua, mama. Lakini niliyemtaja nilipokuahidi alikuwa anaona."

Hapo Gomati akalia, machozi aliyoyazuia tangu siku ile ya mtoni.

Alipopata nguvu, yeye na Sundari wakawa wanakwenda mtoni kuwatafuta wenzao. Mpaka Bi Mahjabini anafariki, uani kwake waliishi wajane kumi na mmoja wa Kihindu, wakisokota pamba na kupika kwenye jiko lao wenyewe. Yasemekana siku ya maziko yake walisimama pamoja kando ya njia, wakalisindikiza jeneza kwa macho hadi likapotea.

Ndugu zangu, neno tulilompa mwenye nguvu tunalitimiza kwa sababu tunamwogopa. Tujipime kwa neno tulilompa dhaifu asiyeweza hata kutuuliza. Allah atujaalie tuwe wakweli mahali ambapo hakuna atuonaye ila Yeye.